MVUA YANYESHA MLIMANI, MAJI YAFIKA KWAKO
Jinsi mpaka wa maji unavyotumiwa kutoa onyo la mafuriko

Mkulima wa Kiritiri hahitaji kufundishwa kwamba maji yaweza kuja bila mvua. Amekwisha kuyaona kwa macho yake. Jua lawaka, ndengu zimejikunja shambani, mbuzi wanachungwa katika mchanga wa mto mkavu. Mara yasikika ngurumo kama ya lori, na kabla mtu hajajua ni nini, maji mekundu yenye magogo yapita pale ambapo punde hivi palikuwa na mchanga mtupu. Mvua ilinyesha mbali, upande wa mlima ama nyuma ya kilima, na mwenye shamba hakuona hata wingu.

Basi mkulima huuliza swali la haki: "Redio ilisema mvua kubwa itanyesha katika Kaunti ya Embu. Embu ni kubwa. Je, onyo lile lilikuwa langu ama la mwingine?"

Makala hii yajaribu kujibu swali hilo. Tutaeleza jinsi wataalamu wa hali ya hewa wanavyoigawa nchi katika maeneo ya maji ndani ya kompyuta, ili mvua inayoonekana na rada ama setilaiti igeuzwe kuwa onyo kwa watu wanaohusika. Tutaeleza pia kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya na mkulima aweza.

MPAKA WA SERIKALI SI MPAKA WA MAJI

Tazama ramani ya kwetu. Kaunti ya Embu yaanzia msituni katika miteremko ya Mlima Kenya, yapita katika mashamba ya chai na kahawa, halafu yateremka hadi Mbeere penye mtama, kunde, mbaazi na muguka, mpaka kwenye mabwawa ya Mto Tana. Miteremko ya kusini-mashariki ya mlima hupata mvua nyingi kuliko pande zake nyingine, kwa sababu pepo za kutoka Bahari ya Hindi huupiga mlima upande huo. Huku chini mvua ni chache. Kwa hiyo maneno "mvua kubwa Embu" yaweza kuwa kweli kwa mwenye chai, na mwenye ndengu asipate hata tone.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mara nyingi waliochora mipaka ya utawala walifuata mito, kwa sababu mto ni alama isiyosogea kwa urahisi. Mto Rupingazi watenga Embu na Kirinyaga. Mto Thuci watenga Embu na Tharaka-Nithi. Njia hii yafaa kwa kodi na kwa uchaguzi, lakini kwa maji ni kinyume kabisa. Mto hupokea maji kutoka ng'ambo zote mbili. Ukiweka mpaka katikati ya mto, umelikata eneo lake vipande viwili: nusu ya maji yatoka kaunti moja na nusu yatoka kaunti nyingine. Mtu akisikiliza onyo la kaunti yake tu, amesikia nusu ya habari za mto wake.

Mpaka wa maji haufuati mto. Wafuata mgongo wa kilima. Simama juu ya mgongo wakati wa mvua: tone linaloanguka mbele ya mguu wako lateremka upande huu, na tone linaloanguka nyuma ya kisigino lateremka upande ule. Mstari huo wa mgongo ndio mpaka wa kweli. Nchi yote iliyo ndani ya mstari huo, ambayo maji yake huishia katika mto mmoja, ndiyo tunayoiita hapa eneo la maji la mto huo.

Maeneo haya huwa moja ndani ya jingine. Kijito cha Kapingazi kina eneo lake, na eneo hilo limo ndani ya eneo la Rupingazi. Rupingazi imo ndani ya eneo la Thiba, na Thiba huingia katika bwawa la Kamburu, kwa hiyo imo ndani ya eneo la Tana. Katika daftari za serikali za mito ya Kenya, Tana ina namba 4, na Thiba pamoja na matawi yake ina alama 4D. Wanaopima maji ya mito hutumia alama kama hizo kila siku, wala hawaulizi mto uko katika kaunti gani.

KOMPYUTA HUUPATAJE MPAKA HUO

Zamani mpimaji alichora mpaka wa maji kwa kalamu juu ya ramani yenye mistari ya mwinuko. Kazi ilikuwa ya siku nyingi. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na njia yake si ngumu kueleweka.

Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa nchi kwa rada. Vipimo hivyo vimeigawa nchi katika miraba midogo, kila mraba una upande wa meta 30 hivi, nao umeandikiwa mwinuko wake kutoka usawa wa bahari.

Kompyuta huchukua mraba mmoja na kuutazama pamoja na majirani zake wanane wanaouzunguka. Huuliza: ni jirani gani aliye chini kuliko wote? Maji ya mraba huu yatakwenda kwake. Kisha huenda mraba wa pili na kuuliza vile vile, mpaka miraba yote ya nchi imepata njia yake. Baada ya hapo mtaalamu huchagua mahali pamoja, kwa mfano kivuko cha barabara au daraja, na kuiambia mashine: "Nipe miraba yote ambayo maji yake hupita hapa." Mashine hurudi nyuma, mraba kwa mraba, ikipanda mlima, mpaka ifike mgongoni. Ikimaliza, eneo la maji la kivuko kile limekwisha chorwa.

Angalia neno hili: yote yaanza na mahali palipochaguliwa. Akichagua daraja kubwa la barabara kuu, eneo litakuwa kubwa. Akichagua kivuko wanachopita watoto kwenda shule, eneo litakuwa dogo. Mashine haijui mahali penye hatari. Lazima iambiwe na watu wanaopajua.

MVUA HUPIMWAJE KUTOKA MBALI

Rada ya hali ya hewa ni mashine yenye sahani kubwa inayozunguka ikituma mawimbi angani. Mawimbi hugonga matone ya mvua na sehemu yake hurudi, kama mwangwi unavyorudi ukipiga kelele mbele ya mwamba. Muda wa kurudi huonyesha umbali wa mvua, na nguvu ya mwangwi huonyesha wingi na ukubwa wa matone. Mwaka 1948 wataalamu wawili, J. S. Marshall na W. M. Palmer, walichapisha kipimo cha ukubwa wa matone ambacho mpaka leo husaidia kugeuza mwangwi kuwa milimita za mvua. Rada huzunguka hivyo kila baada ya dakika chache. Jirani zetu Watanzania wanazo rada za namna hii, zikiwamo za Dar es Salaam na Mwanza.

Mahali ambapo rada haifiki hutumiwa setilaiti. Setilaiti za Meteosat, zilizo juu kilometa kama 36,000, hupiga picha za mawingu ya Afrika kila dakika 10 ama 15. Hizo huona kichwa cha wingu, si mvua yenyewe, kwa hiyo hukisia zaidi kuliko rada. Lakini kwa habari tunayoieleza hapa tofauti si kubwa: mvua ikipimwa kwa rada au kwa setilaiti, programu ya kompyuta huiweka juu ya ile ramani ya maeneo ya maji, hujumlisha mvua yote iliyoanguka ndani ya kila eneo, na kuuliza kama imepita kipimo cha hatari cha eneo lile.

HESABU AMBAYO KILA MKULIMA AWEZA KUIFANYA

Milimita 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni lita 1 ya maji. Ekari moja ina meta mraba 4,000 na kidogo zaidi. Basi milimita 1 juu ya ekari moja ni lita 4,000, yaani madebe 200. Mvua ya milimita 40 juu ya ekari hiyo ni madebe 8,000.

Sasa chukua kijito ambacho eneo lake la maji ni kilometa mraba 50. Mvua ya milimita 40 ikiangukia eneo lote, ni lita milioni 2,000. Tuseme udongo na majani yamekunywa robo tatu, na robo moja tu imeteremka mtoni. Ni lita milioni 500. Zikipita kivukoni katika muda wa saa mbili, ni karibu lita 70,000 kila sekunde: madebe 3,500 kwa kila mpigo wa moyo. Hapana mtu, punda wala gari litakalosimama mbele ya maji hayo.

Yafaa kukumbuka kwamba si lazima maji yawe mengi hivyo. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakiwa sentimeta 60 huchukua magari mengi.

ENEO KUBWA MNO NA ENEO DOGO MNO

Hapa ndipo kazi ya kuchora maeneo inapokuwa kazi ya kuokoa maisha ama kuyapoteza.

Tuseme wingu moja limemwaga milimita 60 juu ya kilometa mraba 10, na pengine pote pakavu. Mtaalamu amechora eneo moja kubwa la kilometa mraba 500. Programu itaigawanya mvua hiyo kwa eneo lote na kupata milimita 1.2. Itaandika "mvua kidogo" na kunyamaza, na huku kijito kimoja kinafurika. Lakini kama lilichorwa eneo la kijito kile peke yake, la kilometa mraba 20, programu itapata milimita 30 na kutoa onyo. Mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni mstari tu.

Basi mbona tusichore maeneo madogo madogo kila mahali? Kwa sababu rada huona mvua ikiwa bado angani, na upepo waweza kuisukuma kando kabla haijafika chini. Eneo likiwa dogo sana, mvua huandikwa kwa jirani asiye na kosa. Maonyo ya uongo huwa mengi, na watu wakidanganywa mara tatu, mara ya nne hawasikii. Ndiyo maana maeneo hupangwa kwa ngazi: madogo kwa makorongo yanayofurika kwa dakika chache, makubwa kwa mito kama Thiba na Tana ambayo maji yake husafiri kwa saa nyingi ama siku. Na kila eneo la chini lazima liunganishwe na yale ya juu yake, ili mvua ya mlimani ihesabiwe pia kwa mtu wa bondeni.

Kipimo cha hatari nacho si kimoja. Milimita 30 katika saa moja si sawa na milimita 30 kwa siku nzima. Nchi iliyokwisha kulowa kwa wiki mbili haiwezi kunywa zaidi. Na nchi tupu, iliyokaushwa na jua na kukanyagwa na mifugo, huwa ngumu juu kama sakafu, na mvua ya kwanza ya msimu huteleza juu yake. Kwa hiyo mwanzoni mwa mvua za Machi na za Oktoba tusijidanganye kwamba ardhi kavu itameza kila kitu.

MAMBO YALIYOTUPATA

Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto wa Enziu huko Mwingi, ng'ambo ya Tana katika Kaunti ya Kitui, basi lililochukua wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda arusini liliingia katika kivuko kilichofurika, likasombwa. Walikufa watu zaidi ya 30. Enziu ni mto wa msimu kama mito mingi ya Mbeere. Siku nyingi za mwaka mtu huuvuka kwa miguu bila kulowa.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyozuiliwa nyuma ya tuta la reli yalifumuka na kuwashukia watu wakiwa wamelala. Walikufa watu zaidi ya 45. Katika mvua za mwaka huo bwawa la Masinga lilijaa mpaka likamwagika, na watu wanaokaa kando ya Tana, hata kule Garissa na Tana River, walitahadharishwa wahame. Mvua iliyowahamisha ilinyesha zaidi katika milima iliyo mbali nao sana.

MAKOSA YA MASHINE

Rada haioni nyuma ya mlima. Tena mawimbi yake huenda karibu sawa, na dunia ni mviringo. Kadiri mvua ilivyo mbali, ndivyo rada inavyoitazama juu zaidi, na mvua ndogo ya chini yaweza kuipita. Mvua ya mawe huidanganya, ikadhani ni mvua nyingi mno.

Ramani nayo ina makosa. Ile miraba yajua mwinuko tu. Haijui kazi za watu. Mfereji huweza kuyahamisha maji kutoka mto mmoja hadi mwingine, kama ule wa skimu ya Mwea unaochukua maji ya Nyamindi na kuyapeleka Thiba. Tuta la barabara lenye bomba lililozibwa kwa takataka huwa bwawa ambalo halimo katika ramani yoyote. Mai Mahiu yatufundisha jambo hilo kwa uchungu.

KAZI YA MKULIMA

1. Ijue nchi ya maji yako. Chagua kivuko mnachotumia, kisha fuata korongo kwenda juu mpaka mgongoni. Ulizeni wazee maji ya mafuriko yalitoka upande gani. Chora hata kwa kijiti ardhini, na uonyeshe watoto. Andika majina ya vijiji vilivyo juu yako: hivyo ndivyo vijiji ambavyo mvua yake ni habari yako.

2. Pima mvua. Kama hamna kipima mvua, kopo lenye kuta zilizonyooka lafaa, upana wake wowote. Liweke wazi, mbali na mti mara mbili ya urefu wa mti ule, mdomo wake ukiwa sawa. Kila siku saa tatu asubuhi, simamisha rula ndani, soma milimita, andika katika daftari, kisha mwaga. Vipimo vya chini kama hivyo ndivyo vinavyotumiwa kusahihisha rada na setilaiti. Daftari la mwaka mzima ni zawadi kubwa kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti.

3. Weka alama. Mafuriko yakipita, paka rangi penye mwamba au mti pale maji yalipofika, na uandike tarehe. Mtaalamu akija kuweka kipimo cha hatari cha mto wenu, alama hiyo itamfaa kuliko maneno mengi.

4. Sikiliza onyo kwa masikio ya mtu wa chini. Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua ya zaidi ya milimita 20 ama 30 kwa saa 24, hutaja kaunti. Usiulize tu kama yako imetajwa. Uliza kama imetajwa kaunti ambayo maji yake huja kwako. Mkulima aliye kando ya Thiba asikilize pia habari za Kirinyaga.

5. Pelekeni habari chini. Mkiwa juu na mvua imepiga kwa nguvu, pigieni simu watu wa vijiji vya chini. Simu hufika kabla ya maji. Hilo ndilo onyo la haraka kuliko yote, nalo halihitaji rada.

6. Usivuke. Maji ya korongo hupungua kwa saa chache. Afadhali kulala ng'ambo na njaa. Wala usilale wala kufunga mifugo katika mchanga wa mto wakati wa msimu wa mvua, hata mbingu ikiwa safi.

7. Zuia maji shambani. Kila tuta na kila kinga maji iliyochimbwa vizuri hupunguza ile robo inayokimbilia mtoni. Na sehemu ya kando ya mto iachiwe majani na miti. Mazao yaliyopandwa pale mara nyingi huvunwa na mto.

Mwisho, ndugu wakulima, katika mikutano ya skimu na ya vikundi vya watumiaji wa maji kuna jambo moja la kuuliza wataalamu wanapowatembelea: "Katika ramani yenu ya maonyo, kivuko chetu kimo?" Kama hakimo, waonyesheni. Mtaalamu anao mwinuko wa kila mraba wa nchi hii, lakini hajui mahali ambapo watoto wenu huvuka kila asubuhi. Ninyi mnapajua.